Kwenda Kigoma Kumnywesha Mkwe Uji

Sikuondoka Kasongo kwa kupenda kutembea, ingawa wanaonijua watasema nilikuwa natafuta sababu tangu zamani. Niliondoka kwa sababu kocha wetu wa kuogelea alianguka na moto, yaani pikipiki, karibu na soko akavunjika mguu, na katika klabu nzima ya Kasongo-Rive hapakuwa na mtu mwingine mwenye pasipoti isipokuwa mimi. Pasipoti hiyo niliitengeneza nikitaka kwenda Lusaka kwenye harusi ya mdogo wangu. Harusi ilivunjika, pasipoti ikabaki kabatini bila muhuri hata mmoja, na kila nilipofungua kabati niliitazama nikaionea huruma.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimewachorea watoto wa Kasongo Ziwa Tanganyika ubaoni mara nyingi kuliko nilivyokula mihogo, na sikuwa nimewahi kuliona. Kwa hiyo klabu iliponiuliza kama ningekubali kumsindikiza Paskali kwenye mashindano ya mataifa ya kuogelea kule Kigoma, ng'ambo ya ziwa, nilijifanya kufikiri kidogo. Heshima ya mtu mzima ni kutokubali haraka. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo.

Paskali ni mume wa binti yangu Feza. Kwao ni Kabambare, ukingoni mwa mto Luama, na tangu utoto kazi yake ilikuwa kuogelea kando ya mitumbwi inayovusha mizigo, akiishika isiyumbe. Alipooa kwangu akahamia Kasongo, akawa anavuka Lualaba kwa mikono yake kila alasiri, na hapo ndipo kocha alipomwona. Alishinda wengine Kindu, jina lake likafika mbali, na sasa alikuwa ameitwa kuogelea kilometa kumi pamoja na wanaume wa nchi nyingine.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumwona kocha. Alikuwa amelala, mguu umefungwa, hasira zimemjaa. Akanieleza kazi yangu. Mwogeleaji wa kilometa kumi hapumziki mahali. Ziwani kunawekwa jukwaa linaloelea, na juu yake kila mwogeleaji ana mtu wake mwenye fimbo ndefu iliyotiwa kishikio cha kikombe kwenye ncha. Mwogeleaji akipita, unamnyooshea fimbo, anachukua kikombe, anakunywa, anakitupa, anaendelea. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kumpa.

"Mwalimu, iko kazi moja tu," kocha aliniambia. "Fimbo, kikombe, uji. Asipokunywa, nguvu itamuisha katikati ya maji."

"Na nguvu ikiisha?"

"Watamutoa na mutumbwi. Na asipomaliza, hawataita tena mutu wa huku kwetu. Watasema watu wa mito hawawezi ziwa."

Nikamwambia alale salama. Kumpa mtu uji, nikafikiri, hata mjinga anaweza.

Asubuhi ya safari tulitoka Kasongo kwa moto mbili, Paskali mbele, mimi nyuma na motari, dereva wa moto, aitwaye Sefu. Feza alikuwa ametufungia unga wa uji aliouchanganya na kuujaribu kwa siku nyingi pamoja na kocha: mahindi, karanga zilizosagwa zikalainika kama poda, sukari, na chumvi kidogo. Fimbo yenyewe ilifungwa ubavuni mwa moto yetu, na kila tulipopita baiskeli ya makaa ilibidi Sefu akunje kona kubwa. Alinilaumu mimi kwa urefu wa fimbo, na akanilaumu pia kwa maswali. Nilitaka kujua mlima ule unaitwaje, kijito hiki kinaingia wapi, kwa nini watu wa hapa wanaezeka paa zao hivi na si vile.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "mimi niko naangalia mashimo. Milima haitoboe mupira wa moto yangu."

Kijijini Wamaza tulifika jua likianza kulegea. Mpunga ulikuwa umeanikwa njiani, tukapita pembeni polepole ili tusiukanyage. Mwenyeji wetu alikuwa mkulima mmoja, ndugu wa mama yake Paskali, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mkewe alileta bugali na sombe, majani ya mihogo, na samaki wa kukaushwa, akaweka sahani moja kubwa kwa wageni. Nilipoinua macho, Paskali hayupo. Alikuwa ameinama kwenye moto yake nyuma ya nyumba, anakaza mnyororo ambao haukuwa umelegea.

Sikushangaa, wala mwenyeji hakushangaa. Kwetu Wazimba na kwao Wabangubangu jambo hili ni moja: mwanaume haweki chakula mdomoni mbele ya baba mkwe wake. Atasalimia, atafanya kazi pamoja naye, atamcheka kidogo akizeeka, lakini mdomo wake hafungui kwa chakula akiwa anatazamwa naye. Anayefanya hivyo anaambiwa ametoka nje ya ukoo wa mkewe kwa miguu yake mwenyewe. Baadaye nilisikia sahani nyingine ikigongwa huko nyuma, nikafurahi moyoni kwamba binti yangu aliolewa na mtu aliyelelewa.

Salamabila kesho yake kulikuwa na kelele za kutosha kwa vijiji kumi. Moto zinaingia na kutoka na magunia, redio zinashindana, wachimbaji wamekaa mbele ya maduka na udongo bado uko magotini. Nilitafuta chai, na mchimbaji mmoja kijana akaitazama fimbo yetu akauliza tunakwenda kuvua samaki gani. Nikamweleza habari za mashindano.

"Kilometa kumi ndani ya maji," alisema. "Anatafuta nini?"

"Hatafuti kitu. Anashindana na wengine kufika."

"Na chini haangalie? Kama iko muchanga wa dahabu?"

"Haangalii."

Akamgeukia mwenzake kwa huruma. "Sikia hiyo. Mutu anapita juu ya maji kilometa kumi, na hachote hata karai moja." Wakacheka sana, kisha wakamwita Paskali wakamshika mikono, wakapima mabega yake kwa viganja vyao, na kumwambia akishinda arudi kupitia Salamabila, ataonyeshwa shimo zuri. Nilimwona Paskali akitabasamu chini chini.

Baada ya Salamabila njia ilikuwa mbaya na bariyeri za askari zilikuwa nyingi. Kwenye kila bariyeri tulieleza fimbo upya, kwa maana askari huwa hawapendi kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa. Tulipofika Luama daraja lilikuwa limeharibika na watu walikuwa wanavuka kwa mtumbwi. Moto ziliingizwa moja moja, zimelazwa juu ya fito. Paskali hakupanda. Alivua shati, akaingia majini, akaogelea kando ya mtumbwi mkono mmoja umeshika ubavu wake, kichwa juu, macho kwenye mzigo. Wanawake wa ng'ambo walimtambua wakaanza kuliita jina lake.

Mama yake alikuwa miongoni mwao. Alinisalimia kwa kupiga magoti, nami nikamwinua. Alisema jambo moja tu kwa mwanawe, kwa Kibangubangu, na Sefu akanitafsiria: asijaribu kupigana na maji, maji hayana hasira naye. Nililiandika kichwani. Nilimwuliza Paskali kama ziwani pia ni hivyo, akasema hajui, hajawahi kuogelea maji yasiyokwenda popote.

Swali hilo lilinisumbua mpaka Lulimba, na kutoka Lulimba mpaka Baraka. Mtoni unajua kila saa maji yanakupeleka upande gani, unalenga juu ya bandari ili ufike bandarini. Ziwani unalenga wapi?

Tuliingia Baraka mchana. Kuna mteremko, halafu nyumba, halafu hakuna kitu. Nilimwambia Sefu asimame. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba ziwa hili ni refu na lina kina kikubwa, nikawapa hata tarakimu, lakini sikuwahi kuwaambia kwamba ukilitazama unahisi mtu ameondoa nusu ya dunia akasahau kuirudisha. Milima ya ng'ambo ilikuwa hafifu sana, nikawa sina hakika kama ni milima au ni mawingu. Nilitokwa na machozi, na sioni haya kusema. Sefu aliniachia muda, halafu akapiga honi.

Sefu akabaki Baraka na moto, nasi tukavuka kwa boti ya wafanyabiashara, katikati ya magunia ya mchele na mama mmoja aliyetapika tangu mwanzo mpaka mwisho. Paskali alikaa ukingoni akitia mkono majini mara kwa mara. "Baba mukwe," aliniambia, "haya maji iko safi sana. Naona mukono wangu mpaka kwenye vidole." Mtu wa Luama hajazoea kuona vidole vyake. Nikamuuliza kama hiyo ni nzuri au mbaya, akautoa mkono majini. "Inaogopesha kidogo. Unajua sasa chini kuna nini. Hakuna kitu."

Kigoma tulipokewa na Bi Mwajuma, mwenye nyumba ambayo waandalizi wa mashindano walikuwa wamewapangia wageni. Mama mnene, mchangamfu, mwenye kanga mbili na maswali mengi kuliko mimi. Tulielewana papo hapo.

"Mwasema Kiswahili kitamu nyinyi," alisema. "Chasikika kama cha bibi yangu. Lakini hii 'iko' yenu iko kila mahali!"

Nikamwambia babu zake na babu zetu walipita njia moja, wengine kwa kupenda na wengine wakiwa na kamba shingoni, ndiyo maana maneno yetu yamefanana. Akasema ni kweli, akatuletea wali na samaki aina ya migebuka. Paskali akachukua sahani yake akaenda kukaa na watoto wa Bi Mwajuma uani.

"Huyu kijana mbona hali nawe? Mmegombana njiani?"

"Hapana, Bi Mwajuma. Ni mkwe wangu. Kwetu mkwe hali mbele ya baba mkwe."

"Hata kidogo?"

"Hata tonge moja."

Nilimweleza vizuri, kama mwalimu, na mifano. Mdomo wangu ulieleza yote. Kichwa changu, naona, hakikuwa kinasikiliza.

Siku moja kabla ya mashindano waogeleaji waliruhusiwa kujaribu maji, na wenye fimbo wakapelekwa kwenye jukwaa kufanya mazoezi. Lilikuwa jukwaa la mbao juu ya mapipa, limefungwa nanga, linacheza chini ya miguu. Kila mtu alipewa nafasi yake na bendera yake ndogo ya kufunga kwenye fimbo. Karibu yangu alisimama Goreti, kocha kutoka Bujumbura, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alinionyesha namna ya kushika fimbo kwa mikono miwili, ncha ishuke karibu na maji, nisiivute mwogeleaji akishika. Paskali alipita mara tatu, akachukua kikombe, akakirusha hewani, safi kabisa. Goreti akanisifu. Kikombe kilikuwa kitupu, maana nani angepika uji kwa ajili ya mazoezi?

Siku yenyewe nilipika uji kabla ya mapambazuko kwenye jiko la Bi Mwajuma, mwepesi kama kocha alivyoagiza, nikautia kwenye chupa ya chai. Ufukweni niliona mambo ambayo nisingeyaamini kama ningesimuliwa. Wanaume wazima walisimama mstarini wakanyoosha mikono, waamuzi wakawakagua kucha mmoja mmoja, asije mtu akamkwaruza mwenzake. Waliandikwa namba mabegani na kwenye mikono. Walipakana mafuta mazito shingoni na makwapani ili ngozi isichubuke, wengine wakipakwa na makocha wao kama watoto wanaoogeshwa. Paskali alipakwa na mtoto mkubwa wa Bi Mwajuma. Alikuwa mwembamba kuliko wote, na kofia yake ya mpira ilimkaa vibaya. Nilimhurumia, nikajivunia, vyote pamoja.

Saa mbili walipuliziwa honi. Ilikuwa mizunguko mitano kuzunguka maboya makubwa ya rangi ya chungwa, na kila mzunguko walipita mbele ya jukwaa letu, isipokuwa wa mwisho ambao uliishia ufukweni, kwenye ubao ulioning'inizwa juu ya maji. Mtu hajamaliza mpaka aupige ubao huo kwa mkono. Mwamuzi alikuwa ametueleza pia kwamba baada ya mshindi kufika, wengine wanapewa muda fulani tu. Ukiisha, walio majini wanatolewa na majina yao hayaandikwi.

Mzunguko wa kwanza walikuja wote pamoja, maji yanachemka kwa mikono na miguu. Paskali alikuwa nyuma ya kundi lakini si mbali, kichwa chake kikiinuka mara nyingi kuliko cha wengine, kwa desturi ya watu wa mitumbwi. Nilinyoosha fimbo. Fimbo zote zilinyooshwa, makocha wote wakipiga kelele majina. Paskali alikuja mpaka ncha ya fimbo yangu. Aliona kikombe, akaona uji ndani yake, akainua macho akaniona mimi. Kisha akainamisha uso majini akapita.

"Hana njaa bado," nilimwambia Goreti.

"Mapema, mapema," alisema. "Atachukua ya pili."

Ya pili hakuja hata karibu. Alizunguka kwa nje, upande wa pili wa wenzake, akaongeza mita nyingi ambazo hakuna aliyemdai. Kundi lilikuwa limemwacha. Nilimwita kwa sauti yangu yote: "Paskali! Kunywa! Kula uji!" Nilimwona akishtuka katikati ya mkono na mkono, na akaongeza mwendo kama mtu anayefukuzwa.

Goreti alikuwa amekwisha kumnywesha mtu wake. Akaweka fimbo chini akanitazama.

"Mzee, umemkosea nini huyu?"

"Sijamkosea kitu. Ni mkwe wangu, tunapendana."

"Mkweo?" Akatazama kikombe changu. Akatazama uji. Akashika kichwa. "Yesu wangu. Na wewe umesimama hapo umemkodolea macho ukimwambia *ale*?"

Niliona kila kitu kwa mara moja: sahani ya Wamaza, mnyororo ambao haukulegea, ua wa Bi Mwajuma. Kocha alikuwa amempa Paskali uji huu mara mia kwenye Lualaba, na Paskali alikunywa, kwa maana kocha si baba wa mkewe. Maji matupu angekunywa mbele yangu bila taabu. Lakini uji ni chakula, na mimi nilikuwa nimevuka ziwa zima ili nimsimamie mtu wangu na chakula mkononi mbele ya mataifa. Naye hakuweza kuniambia, kwa maana hata jambo lenyewe la kula halizungumzwi kati ya watu kama sisi. Alikuwa amechagua kuogelea kilometa kumi bila kitu tumboni kuliko kunivunjia heshima.

Niliogopa. Kule mbali, kwenye boya la pili, mikono yake ilikuwa imeanza kuwa mizito. Mtumbwi mdogo wa waokoaji ulikuwa umegeuka ukamfuata taratibu, na nilijua wanaofuata hivyo wanasubiri nini.

"Mshikie wewe fimbo," nilimwomba Goreti.

"Wataniondoa mimi na mtu wangu. Kila mtu na bendera yake."

Nikamwita mwamuzi wa jukwaa, kijana mpole mwenye filimbi. "Mwanangu, kuna sheria inayosema lazima nimwangalie?"

"Umwangalie nani, mzee?"

"Mwogeleaji wangu. Nikimpa."

Akafikiri. "Sheria inasema ushike fimbo. Inasema usirushe kitu. Ya kuangalia sijaisoma."

"Basi."

Nilijaza kikombe upya, nikaulizia anakuja kutoka wapi, nikageuka. Niliwapa ziwa mgongo. Fimbo niliipitisha chini ya kwapa ikanyooka nyuma yangu juu ya maji, na mimi nikatazama Kigoma. Watu wa ufukweni wakaanza kunyoosheana vidole. Walikuwa wanatazama mashindano, na katikati ya mashindano kuna mzee mmoja amewatazama wao.

Haikuwa rahisi. Mimi, niliyesimamisha moto kwa kila mlima, niliyeuliza jina la kila kijito kutoka Kasongo, nilikuwa nimefika mahali ambapo kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa kinatokea nyuma ya shingo yangu. Shingo iliniwasha. Nililazimisha macho yangu kumtazama mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa mchangani. Anatawanya, anageuza, anafukuza kunguru. Sijawahi kuangalia dagaa kwa bidii namna ile.

"Teremsha," Goreti alisema kando yangu. "Kulia. Kulia *yako*, mzee, si yangu. Hapo. Tulia."

"Anakuja?"

"Anakuja. Polepole."

"Ananiona?"

"Amesimama. Anatazama mgongo wako. Bado anautazama."

Mama wa dagaa alikuwa amemaliza mstari mmoja na kuanza mwingine. Nilitaka kusema jambo, la kumtia moyo, lakini nikakumbuka kelele zangu za mara ya pili nikafunga mdomo. Maji yaligonga mapipa chini ya miguu yangu.

Fimbo ikawa nyepesi.

Sikugeuka. Goreti alinipiga begani kwa nguvu mpaka karibu nianguke ziwani. "Amekunywa! Amekunywa mpaka chini!" Kulikuwa na sauti ya kikombe kikianguka majini, halafu sauti ya mikono ikiondoka. Nilihesabu moyoni, nikamuuliza kama ameenda, akasema ameenda, na hapo tu nikageuka nikaona mgongo wake ukiwa mbali tayari. Tulikuwa tumepeana migongo, na ilitosha.

Mzunguko wa nne nilijigeuza mapema kabla hajafika. Safari hii hakusimama. Fimbo ilipokea uzito, ikaachiliwa, na nilisikia akikohoa kidogo kama mtu aliyekunywa haraka. Mwamuzi alikuwa amekuja kusimama karibu yangu, na yeye pia, sijui kwa nini, alikuwa ametazama ufukweni.

Mzunguko wa mwisho hauna uji, kwa hiyo nilikuwa huru kuangalia, na niliangalia kwa macho yote niliyokuwa nayo. Washindi walikuwa wamekwisha kufika. Upepo ulianza kusukuma maji kutoka kusini, na waogeleaji wawili waliokuwa mbele yake wakatolewa na mitumbwi, mmoja akilia kwa sauti. Paskali alikuwa amebaki peke yake kati ya boya na ubao. Alikuwa amechoka kweli. Lakini niliona kwamba halengi ubao. Analenga juu yake, upande upepo unakotoka, kama mtu wa Luama anayetaka bandari, na maji yakawa yanamshusha polepole mahali anapopataka. Basi ziwa nalo lina mwendo wake. Jibu la swali langu la Lulimba nililipata hapo, na nilikuwa napiga mayowe kiasi kwamba sikulijali.

Mkono wake ulipiga ubao. Mwamuzi wa ufukweni aliangalia saa, akainama, akaandika. Alikuwa wa mwisho kuandikwa, na baada yake waliweka kalamu mfukoni. Bi Mwajuma, ambaye alikuwa amekuja na majirani wote, alipiga vigelegele peke yake kwanza, halafu wakamfuata.

Nilipomfikia ufukweni alikuwa amejifunga taulo, midomo imemkauka, anatetemeka. Aliinuka kunisalimia. Hatukusema habari za uji.

"Baba mukwe, nimechelewa."

"Umefika," nilimwambia. "Wamekuandika."

Akainamisha kichwa. Bi Mwajuma alikuwa anakuja na bakuli la mchuzi, na mimi nikaenda kuuliza namna maboya yale yanavyofungwa chini.

Kurudi tulirudi kwa njia ile ile, boti, Baraka, Lulimba, Luama ambapo mama yake Paskali alimpapasa uso, na Salamabila ambapo yule mchimbaji aliuliza kama sasa ameona mchanga. Sefu hakulalamika tena juu ya fimbo. Alikuwa anawaambia watu wa kila bariyeri kwamba ni fimbo ya mataifa.

Kasongo walitusubiri nyumbani kwa kocha, klabu nzima, na mguu wa kocha umewekwa juu ya kiti mbele kama mgeni wa heshima. Alitaka kila kitu kwa mpangilio. Nilimweleza kucha, mafuta, maboya, upepo. Halafu akafika pale nilipojua atafika.

"Na uji? Aliunywa namna gani? Alilala mugongo ama alisimama? Mukono gani?"

"Sijui."

"Hujui namna gani? Si weye ndiye ulikuwa na fimbo?"

"Nilikuwa nayo. Lakini sikuona. Kila mutu aliona, hata mwenye kuanika dagaa aliona. Mimi sikuona."

Watu wakacheka mpaka kocha akashika mguu wake kwa maumivu, na ilibidi nieleze habari yote, nikisimama na ufagio chini ya kwapa kuwaonyesha. Nilikuwa nimetoka kwetu ili nione, na kweli nimeona: ziwa, nchi nyingine, watu wa kila aina. Lakini nikiulizwa nilichofanya cha maana katika safari nzima, ni kule kutoona. Sikufundishwa hilo katika jiografia, wala sijui nitalifundisha vipi.

Mke wangu, mama yake Feza, alikuwa amekaa mlangoni na wanawake wengine. Hakuwa amecheka. Alisubiri kelele zipungue, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, mbele ya wote:

"Hukugeuka? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akavuta pumzi, akanyanyuka kwenda jikoni.

"Basi," alisema, "mukwe tungali naye."